Agizo la Kumi na Tatu

Karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa mara nne, na mama aliihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Iliandikwa kwa taipu, kwa Kiingereza, na ilikuwa na maagizo kumi na mawili. Nilipoisoma mbele ya wazazi wangu, maagizo yalikuwa kumi na matatu. Nitaeleza hilo la kumi na tatu lilitoka wapi, na sitajitetea sana.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mkulima wa migomba na kahawa huku Nyaishozi, Mkatoliki wa Jumapili zote, baba wa mabinti watano bila mtoto wa kiume hata mmoja. Hayo ndiyo aliyoandikiwa kwenye kitabu cha kigango. Moyoni alikuwa beki. Mpaka ana miaka arobaini alikuwa anacheza mpira na vijana aliowabatiza kwa maji ya mtaro, maana hakuna mshambuliaji aliyepita kwake akabaki mkavu.

Mwaka 1978, kabla vita havijaanza, wanajeshi walipita kwetu, wakapumzika siku chache karibu na shule, na jioni wakacheza mpira na wanakijiji. Tata alimzuia koplo mmoja mwenye mapaja mazito. Koplo akapita na mpira, goti la Tata likabaki linaangalia upande wake. Baadaye vita vilipokuja na kwisha, wageni waliomwona akichechemea waliamini ni jeraha la vita, wakampisha kwenye foleni na kumpa kiti. Hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Mama alikuwa akiguna tu.

Goti lile lilimtesa miaka mingi. Kila mwaka mguu ulipinda zaidi, mpaka akawa anatembea upande upande. Lakini kuna kazi moja aliyokataa kata kata kuiacha, nayo ni kukanyaga ndizi.

Kwetu pombe ya ndizi hukanyagwa kwa miguu. Ndizi zile za pombe, embiire, huivishwa kwenye shimo siku kadhaa, humenywa, humwagwa ndani ya mtumbwi uliochongwa kwa gogo, zikachanganywa na nyasi. Mwanaume mwenye nyumba huingia na miguu yake miwili iliyooshwa vizuri, akakanyaga mpaka juisi itoke na povu. Juisi hiyo tamu tunaiita omuramba, na ikichanganywa na mtama uliokaangwa, ikalala siku mbili, ndiyo rubisi yenyewe. Mwanamke haingii mtumbwini. Na rubisi ikiiva, kibuyu cha kwanza hupewa aliyekanyaga, hata kama ameketi paroko. Tata alikuwa mpole, hana makuu, lakini kibuyu cha kwanza alikipokea kwa mikono miwili na kifua mbele.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliteleza ndani ya mtumbwi. Mimi nilikuwa nimekuja likizo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikifundisha mbali kidogo. Tulisikia kishindo, kisha kimya. Tulimkuta amelala chali kwenye omuramba, nyuki wanamzunguka, mguu umekunjika chini yake. Alitutazama mimi na mama akasema, "Msinicheke." Nilicheka kweli, kwa hofu, kisha nikalia huku nimemshika kwapa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Sikuisahau siku hiyo, na ndiyo iliyonifanya mwongo.

Hospitali moja ya misheni, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, ilikuwa ikipokea daktari bingwa wa mifupa kutoka Ulaya mara moja kwa mwaka. Paroko aliandika barua, tukapangiwa. Nilimpeleka mimi, nikiwa mkalimani na muuguzi. Daktari alimwekea Tata goti la mfano mkononi, chuma juu, chuma chini, plastiki katikati. Tata alilipima uzito, akaligeuza, akanigeukia.

"Muulize, linapata kutu?"

Niliuliza. Daktari akacheka, akasema hapana.

"Muulize, likichakaa analo jingine?"

Daktari hakucheka safari hii. Alisema hili linatosha miaka mingi likitunzwa, lakini mzee akianguka nalo vibaya, mfupa unaolishikilia utavunjika, na kulitengeneza itakuwa kazi kubwa kuliko hii. Tata aliitikia kwa kichwa, akapasuliwa, akawekewa goti jipya, na tulipoondoka tukapewa karatasi ya maagizo. Mimi niliyashika maneno ya daktari nikarudi nayo Nyaishozi.

Siku ya pili baada ya kufika, Tata aliketi barazani na magongo yake mawili, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mama alikuwa mkekani. Jirani yetu naye alikuja, mzee ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani, beki mwenzake Tata tangu ujana, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. "Soma," Tata akaniambia. "Soma yote, usipunguze."

Nikasoma, natafsiri kidogo kidogo. Kwamba alale chali na kuvuta kisigino taratibu mpaka goti likunjike. Kwamba apande na kushuka ngazi moja, kwa kuanzia mguu mzima. Kwamba atembee kila siku na kuongeza mwendo. Kwamba baiskeli inafaa. Kwamba asipige magoti, jambo lililomfanya mama aulize atasalije, na Tata akajibu kuwa Mungu anaona mpaka kwenye kiti. Kwamba mbio hapana, kuruka hapana, mpira wa kugongana hapana. Hapo jirani alipiga ulimi kwa huzuni, lakini Tata alikuwa ameshalitarajia, akasema tu, "Endelea."

Agizo la kumi na mbili lilisema kwamba akishapata nguvu arudi polepole kwenye kazi na michezo mingine aliyoizoea. Nililisoma. Nikainua macho. Mtumbwi ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiko, na kutoka nilipoketi niliuona mdomo wake. Ulimi wangu ukaendelea wenyewe.

"Na asikanyage ndizi kwenye mtumbwi."

Jirani akatikisa kichwa kwa heshima. "Wazungu wana elimu, jamani."

"Imeandikwa hivyo?" Tata akauliza.

"Imeandikwa, Tata."

"Mtumbwi?"

"Mtumbwi."

Alinyoosha mkono nikampa karatasi. Aliitazama muda mrefu, yeye asiyejua neno la Kiingereza zaidi ya goli na penalti. Kisha akaikunja vizuri, akampa mama. "Basi," akasema. Mama hakunitazama. Jioni tulipokuwa tunamenya ndizi aliniambia tu kwamba nimefanya vizuri kuisoma yote, nami nikajua kwamba amejua.

Sijawahi kuona mtu mtiifu kama Tata mwaka ule. Asubuhi alilala mkekani akavuta kisigino, anahesabu kwa sauti mpaka ishirini, na akikosea anaanza moja. Kwa ngazi alitumia jiwe la mlango wa jiko, jambo lililomtia mama wazimu kwa sababu kila akitaka kutoka na sufuria alikuta mtu mlangoni anapanda na kushuka.

Baiskeli ndiyo iliyotuvunja mbavu. Karatasi ilisema baiskeli inafaa, lakini barabara yetu ina mawe na makorongo, na mimi nilikuwa nimekaza kamba. Basi alisimamisha baiskeli yake uani kwa stendi, gurudumu la nyuma likawa linaelea, akapanda, akaanza kupiga pedeli bila kwenda popote. Wapita njia walisimama.

"Shikamoo mzee. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Naenda Bugomora."

Siku iliyofuata alikuwa anaenda Mabira. Akirudi, yaani akishuka, alimwomba mama maji kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, akatusimulia hali ya migomba ya huko na bei ya maharage. Magongo akayaacha. Mguu ukanyooka, akawa mrefu kuliko mama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilimpenda sana katika miezi ile, nikamwandikia barua ndefu kutoka shuleni kwangu, mimi nisiyependa kuandika barua.

Lakini likizo ya kwanza niliyorudi, ndizi zilikuwa zimeiva shimoni. Jirani alikuja kukanyaga. Tata aliketi kwenye kigoda hatua tatu kutoka mtumbwini, mikono juu ya magoti yake mawili, lile lake na lile la chuma.

"Unakanyaga kama unaogopa kuchafuka," alimwambia mwenzake.

"Njoo wewe basi."

"Nimekatazwa na daktari."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Rubisi ilipoiva wakaja majirani. Mama akachota kibuyu cha kwanza, akasita kidogo tu, kisha akampelekea jirani, kwa kuwa ndiyo haki. Jirani akakipokea, akanywa, akasifu ndizi za Tata, akasifu mtama wa mama. Tata akangoja kibuyu cha pili nyumbani kwake mwenyewe. Alingoja vizuri, anatabasamu, anaongeza mzaha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na nilitamani ardhi inimeze. Mara mbili siku ile nilifungua kinywa niseme. Mara zote mbili nilimwona tena amelala chali, nyuki wanamzunguka, nikakifunga. Likizo iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata.

Mvua za vuli zilipokaribia, jirani akaleta elimu mpya. Radi, alisema, inapenda chuma. Kila mtu anajua kwetu radi si mchezo. Hupiga ng'ombe, hupiga mti, hupiga nyumba ya bati. Na Tata ana chuma ndani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemjali rafiki yake, huku anasogeza kigoda chake mbali naye. Habari ikaenea. Wingu likitanda tu, wageni wetu walikumbuka wana mbuzi wa kufunga. Kanisani, siku yenye ngurumo, benchi la Tata lilibaki lake peke yake. Mimi nilikasirika nikawaambia watu kwamba ni upuuzi, kwamba hata jembe begani ni chuma. Wakanijibu kwa upole kuwa jembe unaweza kulitupa.

Mwaka ulipotimia kasoro kidogo tangu upasuaji, ikafika sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Desturi ilikuwa wazee wetu wacheze mpira na wazee wa Mabira, baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Tata aliniita.

"Karatasi inakataza nini kuhusu mpira?"

"Mbio, kuruka na kugongana."

"Filimbi je?"

Nilifikiri. "Filimbi haikutajwa."

"Basi mimi ni refa."

Nilitaka kubisha, nikakosa pa kushika. Akavaa koti lake la harusi, akaingia uwanjani akitembea. Hakukimbia hata hatua moja. Wala haikuwa shida kubwa, maana wazee wale nao walikimbia maneno tu. Mpira ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, refa alikuwa na muda wa kusalimiana na mashabiki njiani. Alitembea wima katikati ya uwanja ule, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, filimbi mdomoni, uso unang'aa. Akainyima timu yetu penalti halali kabisa, jirani akamfokea, naye akamnyooshea kidole akae kimya. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari nikishangilia refa. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani amewahi kushangilia refa.

Kisha wingu likaja kutoka upande wa Kyerwa, jeusi. Ngurumo ya kwanza wachezaji walitazamana. Ya pili wakamtazama Tata. Ya tatu wazee ishirini na wawili, waliokuwa hawawezi kukimbilia mpira, walikimbia vizuri sana, wa kwetu na wa Mabira pamoja, jirani akiwa mbele. Uwanja ukabaki na mtu mmoja, katikati, amevaa koti la harusi. Akaangalia huku na huku. Akapuliza filimbi ya kumaliza mchezo, ndefu, kisha akaanza kutembea taratibu kuelekea madarasani, kwa sababu karatasi ilikataza mbio.

Nikamkimbilia na mwavuli. Katikati ya uwanja nikakumbuka kwamba mwavuli nao una fimbo ya chuma, lakini nilishafika. Tukaingia kwenye kibaraza cha darasa la tatu. Waliokuwa wamejibanza pale walitukaribisha kwa heshima zote, wakahamia darasa la tano. Tukabaki wawili, mvua inapiga bati.

Tata alijifuta uso kwa kiganja. Akaketi kwenye ukuta mfupi, akanyoosha mguu.

"Tumebaki wenyewe," akasema. "Hebu nisomee karatasi."

"Sinayo hapa, Tata."

"Unayo kichwani. Soma."

Nikaanza. Kisigino, ngazi, mwendo, baiskeli. Kupiga magoti. Mbio, kuruka, kugongana. Nikafika la kumi na mbili, kurudi polepole kwenye kazi na michezo aliyoizoea.

"Na ndizi?"

Nilitazama maji yanavyoteremka kutoka kwenye bati. Mwalimu mzima, nilijiona nimesimamishwa mbele ya darasa.

"Yule daktari," Tata akasema, "uliponipeleka kule, aliniuliza nini siku ya kwanza? Aliniuliza kama ugali wa mahindi unanitosha nyumbani. Wewe ndiye uliyetafsiri. Mtu asiyejua kwamba sisi tunakula ndizi, angejuaje kwamba tunazikanyaga? Na mtumbwi! Mzungu yule mtumbwi anaoujua ni wa samaki."

"Ulijua lini, Tata?"

"Kabla hujafunga mdomo."

"Mbona ukakubali?"

Alikuwa anasugua goti kwa kiganja, ile namna yake ya tangu zamani, ingawa lilikuwa haliumi tena.

"Karatasi ilikuwa inatikisika mikononi mwako," akasema. "Nikaona, mtoto huyu ana hofu, na hofu yake ni mimi. Nikasema ngoja. Hofu ikimtoka, atalifuta mwenyewe." Akatabasamu kidogo. "Sasa nimengoja, mwanangu. Nimekunywa kibuyu cha pili mpaka nimechoka."

Nikalia. Sikulia kwa ustaarabu. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo chetu, maana kwa Kiswahili niliona hautoshi. Nilimwambia habari ya nyuki, nilivyomwona amelala, alivyokuwa mwepesi nilipomshika kwapa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata yeye siku ile aliogopa, na kwamba ndiyo maana alituambia tusicheke.

"Sasa ni wewe utakayesema," akamalizia. "Ukisema hapana, ni hapana."

Mvua ilikuwa inapungua. Kutoka darasa la tano jirani alichungulia, akapiga kelele kuuliza kama bado tuko hai.

"Jumamosi," nikasema. "Lakini kwa masharti yangu."

Jumamosi hiyo nilisimamia mimi kila kitu, na sikuwa na adabu. Nilimfanya jirani achimbie miti miwili imara, mmoja kila upande wa mtumbwi, Tata ashike kwa mikono yote. Nilitaka nyasi ziwe nyingi kuliko kawaida ili zisiteleze. Niliuzungushia mtumbwi udongo mkavu. Mama alisema sijawahi kupanga hata harusi yangu namna ile. Kisha nikaleta maji ya vuguvugu na sabuni, nikachuchumaa, nikamwosha Tata miguu. Nilipanda mpaka kwenye goti. Kovu lilikuwa refu, limenyooka, ngozi yake laini. Nililiosha polepole, naye akaweka mkono wake begani kwangu.

Akaingia, mguu mzima kwanza, kama karatasi ilivyoelekeza kuhusu ngazi. Akashika miti. Akakanyaga mara moja, akasikiliza goti, akakanyaga tena. Jirani alisimama karibu, mikono wazi, tayari kumdaka, na siku ile kulikuwa na wingu pia lakini hakuondoka. Ndizi zikaanza kulia chini ya miguu. Povu likapanda.

"Mwalimu," Tata akaita. "Mama yako akupe karatasi. Nisomee nikikanyaga."

Nikasoma, nimesimama hatua moja kutoka kwake. Alikanyaga kwa kufuata sauti yangu, kulia, kushoto. Nilipofika la kumi na mbili nikaikunja karatasi.

"Umeruka moja," akasema.

"Nimelifuta, Tata."

"Lisome. Nimelitii mwaka mzima, nimelizoea."

Nikaikunjua tena. Nikatazama mahali pale chini ya agizo la mwisho, palipokuwa peupe, nikasoma kwa sauti: "Na asikanyage ndizi kwenye mtumbwi." Jirani akaduwaa. Mama akafunika uso kwa khanga. Tata akacheka, akacheka mpaka mwili wote ukatikisika, omuramba ukamrukia kifuani, mkono mmoja ukaachia mti ili afute macho.

"Shika mti, Tata!" nikapiga kelele.

Akashika.